Wapagazi wa Ufipa na mlango wa Uhuru



Kila siku maelfu ya watu wa Dar es Salaam huenda Kariakoo. Mmoja anafuata nyanya, mwingine kitenge, mwingine kipuri cha pikipiki. Ni wachache wanaojiuliza jina hilo limetoka wapi. Ni jina la vita. Majeshi ya Waingereza yalipouteka mji ule mwezi Septemba 1916, wapagazi wao waliwekwa katika jengo la soko lililokuwa limejengwa na Wajerumani. Kikosi hicho cha wapagazi kilikuwa na jina lake la Kiingereza. Wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako upo mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo.

Leo naomba tuondoke Kariakoo, twende mbali, hadi kwetu Ufipa. Ni nchi ya juu, ya baridi na upepo, iliyo kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga. Nawapeleka huko kwa sababu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo tunalisema nusu nusu kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, yaani uhusiano wa vita vya wakubwa na uhuru wetu.

Nianze na habari ya nyumbani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jina moja ambalo hakukubali apewe mtoto yeyote wa ukoo. Lilikuwa jina la baba yake mkubwa. Mzee huyo, wakati huo akiwa kijana, alichukuliwa upagazi mwaka 1916, akatwishwa mzigo, akaondoka na msafara. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa, wala hakuna aliyeonyesha kaburi. Bibi alipoulizwa kwa nini jina lile linaachwa tu, alijibu: "Mtu ambaye hamjamzika mtamrithi vipi?" Nilikuwa mdogo, sikuelewa uzito wa jibu hilo. Sasa naelewa.

Ufipa iliingiaje katika vita vya Wazungu? Jibu liko kwenye ramani. Mpaka wa kusini wa nchi yetu na ile iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, unapita pale. Wajerumani walikuwa na boma lao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg kwa heshima ya waziri mkuu wao. Ng'ambo ya mpaka Waingereza walikuwa Abercorn, mji tunaouita leo Mbala. Vita vilipoanza mwaka 1914, haikuchukua muda. Mwezi Septemba Wajerumani walivuka mpaka wakaishambulia Abercorn. Mwaka uliofuata walikizingira kituo cha Saisi, jirani na hapo, wakashindwa kukiteka. Mwaka 1916 ikawa zamu ya Waingereza kuvuka mpaka kuja kwetu, na tarehe 8 Juni wakaingia Kasanga.

Kisa cha Kasanga chenyewe kina kichekesho chake. Waingereza walikuwa wameleta boti ndogo za vita kupitia Afrika Kusini, zikavutwa nchi kavu hadi ziwani, na kweli zilikuwa zimewashinda Wajerumani katika mapambano ya awali. Lakini siku ya Kasanga kamanda wa boti hizo alikataa kusogea karibu kwa kuiogopa mizinga ya boma. Wajerumani wakaondoka usiku kwa mitumbwi na majahazi. Mwezi uliofuata, huko Kigoma, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao meli yao kubwa, Goetzen, isije ikachukuliwa na adui. Waingereza waliiopoa baadaye, wakaitengeneza, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Wazee wetu wa mwambao wa ziwa waliijua kwa jina hilo, na wengi wao walisafiria humo.

Hayo ya meli na maboma ndiyo yanayoandikwa sana. Yasiyoandikwa ni ya miguu. Ndugu wasikilizaji, vita vile katika Afrika Mashariki vilipiganwa kwa miguu. Barabara za magari zilikuwa chache, reli zilikuwa mbili tu kubwa katika nchi nzima, na ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Risasi, mahema, dawa, unga, hata viti vya maofisa, vyote vilikwenda kichwani na begani mwa mtu. Kila askari mmoja aliyeshika bunduki alihitaji watu kadhaa nyuma yake.

Tena mpagazi naye hula. Chukua mzigo wa unga wa kilo 25. Mpagazi akila kilo moja kwa siku, basi akitembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi, mzigo karibu wote ameumaliza mwenyewe na askari amebakiziwa kilo moja tu. Kwa hiyo kila jeshi liliposonga mbele lilihitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Na chakula kilipopungua, wa kwanza kupunguziwa hakuwa ofisa. Wapagazi walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa vichomi na kwa njaa, kuliko kwa risasi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika Afrika Mashariki waliokufa ni watu 100,000 au zaidi, ukichanganya pande zote za vita. Wengi wao majina hayakuandikwa popote.

Vita hivyo vilikwisha wapi? Hapa ndipo watu wa mijini hushangaa. Havikuishia Dar es Salaam wala Tanga. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alikimbizwa hadi Msumbiji, akarudi Tanganyika mwaka 1918, akapita nyanda za kusini na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Huko Ulaya mapigano yalisimamishwa tarehe 11 Novemba. Yeye habari zilimfikia siku chache baadaye karibu na Mto Chambeshi, na kwa siku hizo watu waliendelea kubeba mizigo ya vita ambavyo vilikwisha malizika. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini pale Abercorn, jirani kabisa na Ufipa. Alikuwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, na nyuma yao maelfu ya wapagazi na wake za askari. Mateka hao walishushwa hadi Kasanga, wakapandishwa meli kwenda Kigoma.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapo nyasi zilikuwa zimeumia vya kutosha. Nyuma ya vita ikaja homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918, ikaua watu ambao njaa ilikwisha wadhoofisha. Sasa swali langu la leo ni hili: nyasi hizo zilipata nini?

Mara moja hazikupata kitu. Mjerumani aliondoka, Mwingereza akakaa kiti kile kile. Kodi ya kichwa iliendelea. Lakini katika kugawana mali za Mjerumani lilitokea jambo dogo la karatasi, ambalo wakati huo halikuonekana na mtu yeyote kijijini. Mataifa yaliyoshinda hayakuandika kwamba Tanganyika ni mali ya Uingereza. Yaliunda Shirikisho la Mataifa, na Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho hilo. Utaratibu huo ulithibitishwa mwaka 1922. Mtawala alitakiwa kupeleka taarifa kila mwaka, kuzingatia haki za wenyeji katika ardhi, na kutawala kwa manufaa ya wananchi wa nchi ile.

Tusidanganyane. Waliokubaliana hivyo hawakutupenda. Waliogopana. Kila mmoja hakutaka mwenzake apate kingi mno. Ni kama wezi waliogombana juu ya ng'ombe, wakaamua kwamba mmoja wao amchunge, lakini aandikishwe kwamba ng'ombe si wake. Mchungaji huyo alikamua maziwa kila siku kama kawaida. Ila ile hati ilibaki. Na siku mwenye ng'ombe alipojua kusoma, aliiulizia.

Hati ile ilisaidia mapema zaidi kuliko tunavyodhani. Miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, walowezi wa Kenya walitaka sana Tanganyika na Uganda ziunganishwe na Kenya chini ya serikali moja, ambamo wao wangekuwa na sauti. Mpango huo haukufaulu, na dhamana ya Tanganyika ilikuwa mojawapo ya vikwazo vyake. Walowezi walisita pia kuja kwetu kwa wingi, kwa kuwa hawakuwa na hakika nchi itabaki mikononi mwa nani, hasa Hitler alipoanza kudai makoloni ya Ujerumani yarudishwe. Ndiyo maana hatukupata tabaka kubwa la walowezi kama la Kenya.

Hata hivyo, kwa mtu wa Ufipa dhamana haikuonekana. Yeye aliona kodi. Ili aipate fedha ya kodi alisafiri mbali, kwenda kukata mkonge Tanga kwa mkataba, akawa manamba, au kuvuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia. Vijiji vya Ufipa vilizoea kubaki na wanawake, wazee na watoto. Ndipo vikaja vita vya pili, mwaka 1939.

Safari hii zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini. Walipigana na Waitaliani Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, na wengi wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani, katika mvua na misitu na tope la Bonde la Kabaw mwaka 1944. Wengine walilazimishwa kufanya kazi mashambani, kwa sababu Japani ilipoziteka Ufilipino na Java, mkonge wa Tanganyika ukawa kama dhahabu kwa Waingereza na washirika wao. Na ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa, pale Abercorn, iliwekwa kambi ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Mtu aliyezoea kumwona Mzungu akiwa bwana shauri au padri, sasa alimwona Mzungu aliyefukuzwa kwao, asiye na nyumba, anayengoja chakula cha kugawiwa. Mambo kama hayo humfungua mtu macho bila hotuba.

Katikati ya vita hivyo, Agosti 1941, Churchill na Roosevelt walitangaza kwamba kila taifa lina haki ya kuchagua serikali litakayoishi chini yake. Haukupita hata mwezi Churchill akaliambia bunge lake kwamba alikuwa na mawazo ya mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Hitler. Lakini neno likishatoka halirudi.

Mara nyingi husemwa kwamba askari waliorudi kutoka Burma ndio walioleta uhuru. Tusitie chumvi. Wengi wao walirudi makwao, wakaoa, wakalima, wakanyamaza. Walakini wapo waliofanya makubwa. Huko Kenya, Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, aliingia msituni akajulikana kama Jenerali China. Hapa kwetu Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, wote askari wa Burma, walikuwa miongoni mwa walioijenga TAA na kuianzisha TANU. Na baba yao, Kleist Sykes, alikuwa amepigana katika vita vya kwanza upande wa Wajerumani, kisha akawa mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929. Nyumba moja, vita viwili, na vyama vitatu vilivyofuatana hadi uhuru.

Sasa turudi kwenye ile hati. Vita vya pili vilipokwisha, Shirikisho la Mataifa lilikufa, ukazaliwa Umoja wa Mataifa. Mwezi Desemba 1946 Tanganyika ikawekwa chini ya Baraza la Udhamini. Safari hii maneno yalikuwa makali zaidi. Katiba ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 76, ilisema kwamba lengo la udhamini ni kuziongoza nchi hizo kuelekea kujitawala au uhuru. Tena wajumbe wa Baraza walikuwa wakija kutazama wenyewe, kuanzia mwaka 1948, na mwananchi aliruhusiwa kupeleka malalamiko moja kwa moja New York.

Wameru ndio waliotuonyesha njia. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu katika ardhi yao ili wapewe walowezi. Wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini nchi nzima ilijifunza kwamba gavana ana mkubwa wake. Mwaka 1954 wajumbe waliozuru Tanganyika walipendekeza kwamba nchi iwe huru katika miaka 20 au 25. Waingereza wakakasirika. Tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu Nyerere akasimama mbele ya Baraza lile lile. Miaka sita na miezi tisa baadaye, bendera ya Uingereza ikashushwa.

Kama unataka kupima thamani ya hati ile, simama kwenye maporomoko ya Kalambo. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200, na mto huo ndio mpaka. Upande huu Tanzania, upande ule Zambia. Walungu na Wamambwe wako pande zote mbili, ndugu kwa ndugu. Mwaka 1916 walibeba mizigo ya vita vile vile. Lakini wa upande wa pili hawakuwa na hati ya dhamana. Nchi yao ilihesabiwa kuwa mali ya Uingereza moja kwa moja, na mwaka 1953 iliingizwa kwa nguvu katika shirikisho la walowezi pamoja na Rhodesia ya Kusini na Nyasaland. Kelele zao hazikuwa na baraza la kuzisikiliza kama letu. Walipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, karibu miaka mitatu baada yetu, baada ya kulivunja kwanza shirikisho hilo.

Je, basi ni karatasi iliyotukomboa? Hapana. Itazame Namibia. Nayo ilikuwa koloni la Mjerumani, nayo iliwekwa chini ya dhamana baada ya vita vile vile, ikakabidhiwa Afrika Kusini. Afrika Kusini ikakataa kuiweka chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikaing'ang'ania. Hati ya dhamana ilikuwapo huko pia, lakini mshika hati alikuwa mwingine na walowezi walikuwa wengi. Wanamibia walilazimika kushika bunduki, wengine wao wakipata mafunzo hapa kwetu Kongwa, na uhuru wao ukaja tarehe 21 Machi 1990. Karatasi bila watu wa kuishikilia ni karatasi tu. Na watu bila hata ufa wa kupenyeza mkono hulazimika kuvunja ukuta mzima kwa damu.

Basi hivi ndivyo ninavyoona mimi. Vita havimpi mtu uhuru. Vita vya mwaka 1914 viliacha ufa katika ukuta wa mkoloni, bila ya yeye kukusudia. Waliopenya katika ufa huo ni watu wa Meru, wa African Association, wa TAA na wa TANU. Lakini ufa wenyewe ulilipiwa. Wa kwanza kuulipia ni wale waliobeba unga ambao hawakuula, katika njia za Kasanga na Abercorn na kwingineko, na hakuna aliyewaambia kwamba ng'ombe wanayemfukuzia mwizi ni wao.

Pale katikati ya Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mpagazi yuko kwenye maandishi ya chini, ambayo wapita njia hawasimami kuyasoma.

Simwombi mtu yeyote ajenge sanamu nyingine. Naomba jambo dogo, ambalo kila mmoja wetu analiweza. Wazee waliosikia habari hizi kwa masikio yao kutoka kwa baba na babu zao wanapungua kila mwaka. Unapokwenda kijijini, iwe ni Ufipa, Ungoni, Unyamwezi au Uluguru, uliza. Nani katika ukoo wetu alichukuliwa upagazi? Aliitwaje? Alielekea wapi? Kisha uandike katika daftari na uliweke mahali pakavu.

Mimi nimeliandika lile jina la bibi. Mwaka jana nilikwenda Sumbawanga, nikawakusanya wajomba na watoto wa mama zangu wadogo, nikawaeleza haya niliyowaeleza ninyi leo: kwamba baba mkubwa yule alikwenda na mzigo mwaka 1916, na kwamba mwisho wa njia ile, baada ya miaka 45, ulikuwa tarehe 9 Desemba 1961. Mjomba mmoja alinyamaza kitambo, halafu akasema kwamba kama ni hivyo, basi tumejua alikokwenda, na mtoto wa kiume atakayezaliwa sasa anaweza kuitwa kwa jina lake. Wengine walikubali, wengine wanataka kwanza isomwe misa. Mjadala huo bado unaendelea, na mimi siuharakishi.